Yule wa Nyamira na Yule wa Mjini

Shangazi yangu alikuwa na cherehani mbili, redio moja na Kiswahili kidogo sana, na kwa sababu ya hicho kidogo nilijikuta na kazi ambayo hakuna aliyeitaja nilipoagana na mama kule nyumbani Birongo. Nilitumwa kwake Keumbu kujifunza kushona. Ilikuwa miaka ya sabini, nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha pili na masomo yangu yameishia hapo. Kumbe nilichohitajiwa hasa, kila ifikapo saa tisa mchana, kilikuwa kutafsiri salamu.

Wakati huo redio ya taifa ilikuwa na kipindi ambacho watu walituma kadi kwa posta, mtangazaji akazisoma, kisha akapiga wimbo. Kadi ilikuwa na mtindo wake: jina la anayesalimu, yuko wapi, anawasalimu nani na nani, na mwisho ujumbe. Watu wengine kadi zao zilisomwa mara nyingi hadi wakawa mashuhuri kuliko madiwani. Hujawahi kuwaona, hujui kama ni wafupi au warefu, lakini wasiposikika wiki nzima unauliza kama ni wagonjwa.

Duka letu lilikuwa kando ya barabara, nalo lilijaa wanawake saa hizo. Wengine walileta nguo za kupunguza kiuno ambazo hazikuhitaji kupunguzwa. Shangazi alikaa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, mimi nikisimama karibu na redio kama mkalimani wa kanisani. Mtangazaji akisema, nami nasema kwa Ekegusii, lugha yetu. Tafsiri yenyewe ilikuwa na mitego yake. Kwetu mtu akisema "baba" anamaanisha mama yake, basi kabla sijafika Shangazi alikuwa ameamini kwamba wanaume wote wa Kenya wanawapenda mama zao kupita kiasi, kwa jinsi walivyomsalimu "baba" kila siku. Nilipomweleza ni baba gani, alivunjika moyo.

Msaidizi wake mkuu alikuwa mama aliyeuza chai na mandazi mlango wa pili. Huyu alikuwa Mkatoliki na sisi tulikuwa Wasabato, jambo lililokuwa na faida yake. Ijumaa jua likizama, Shangazi alizima redio na kuifunika kwa kitambaa mpaka Jumamosi jioni. Mama wa chai hakuzima yake. Kwa hiyo Jumapili alipotoka misa alipitia kwetu kutupa salamu za Jumamosi, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia chai tu, alizosimulia zilikuwa tamu kuliko zilizosomwa.

Hawa wawili ndio waliogundua mapenzi ya siri.

Kulikuwa na mwanamume mmoja wa Nyamira, karani katika kituo cha kununulia majani chai. Sitaji jina lake. Sisi tulimwita Yule wa Nyamira. Na kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeoka mikate Kisii mjini, naye tulimwita Yule wa Mjini. Kila mmoja alisalimu watu wake, basi. Lakini siku moja yule mwanamke alituma kadi akasema, "Nikiwa mbele ya tanuri langu la mikate, nawasalimu wachuma chai wote wa Nyamira, maana bila wao mikate yangu ingeliwa mikavu." Wiki mbili baadaye Yule wa Nyamira akasema kwenye kadi yake, "Namshukuru aliyetukumbuka huko mjini."

Shangazi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani.

"Hawa wanajuana," alisema.

"Wachuma chai ni wengi," nilisema. "Amesalimu wote."

"Ukitaka kumsalimu mmoja na watu wasijue, utafanyaje?" aliuliza mama wa chai.

"Nitasalimu wote," nilikubali.

Basi wakaanza kutafuta ushahidi, na mtu akianza kutafuta ushahidi huupata. Wote wawili waliomba wimbo mmoja katika mwezi mmoja. Ni kweli kwamba nusu ya nchi iliomba wimbo huo mwezi huo, lakini hilo halikuhesabiwa. Yule wa Nyamira alipenda kumaliza kwa kusema, "Huku kwetu mvua imenyesha." Mama wa chai aliamua kwamba mvua ni mume wa Yule wa Mjini, na imenyesha maana yake amesafiri. Halafu kulikuwa na lile neno lililowakosesha usingizi. Baada ya kutaja majina kumi, Yule wa Nyamira alisema kila mara, "Na yule anayejua."

"Anayejua nini?" aliuliza Shangazi.

"Kwamba anapendwa," alijibu mama wa chai, na duka zima likainamisha vichwa kwa heshima.

Kila siku ambayo wote wawili walisomwa katika kipindi kimoja, Shangazi alipiga mstari wa chaki ukutani nyuma ya cherehani. Wateja walioingia wakauliza ile mistari ni ya nini waliambiwa ni vipimo.

Sitajifanya malaika. Mimi ndiye niliyekuwa mlango wa Kiswahili, nami nilikuwa na miaka kumi na minane na sina la kufanya ila kufumua mishono mibovu. Nilianza kutia chumvi. Kadi ikisema, "Ujumbe wangu, kazi njema kwa wote," mimi nilitafsiri, "Anasema anafanya kazi lakini mawazo hayapo." Kadi ikisema, "Nimepona mafua," mimi nilisema, "Anasema ule ugonjwa aujuao mtu fulani umepungua kidogo." Wanawake waliguna, nami nikajisikia mtu mkubwa.

Kisha Yule wa Mjini akanyamaza. Wiki ya kwanza tulisubiri. Wiki ya tatu mama wa chai akasema mume amegundua. Wiki ya tano wateja wakaanza kupungua saa tisa, na wale waliobaki walikuwa na nguo za kushonwa kweli. Shangazi alishona bila kuzungumza. Nilimwonea huruma, na pia nilichoka. Nikanunua kadi posta, nikaandika kwa jina la Yule wa Mjini, na tanuri lake nikalitaja:

"Namsalimu yule karani wa Nyamira. Ujumbe: tuonane Daraja Mbili, Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa sita, penye wauza ndizi. Nitafunga kitambaa ya njano."

Sikudhani ingesomwa. Kadi za watu zilikaa huko miezi, na nyingi hazikusomwa kamwe. Niliituma kama mtu anavyotupa jiwe mtoni asikie tu mlio wake. Jiwe hili, wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu mchana, lilisomwa kwa nchi nzima kwa sauti nzito ya kupendeza, pamoja na "kitambaa ya njano".

Duka lilikuwa limejaa. Wote wakanigeukia.

"Anasema," nilisema, "anasema anataka kununua ndizi."

"Amesema Daraja Mbili," alisema mama wa chai.

"Ndizi za Daraja Mbili, ndiyo."

"Amesema Alhamisi."

Maneno mawili hayo, na "njano", hayakuhitaji mkalimani. Shangazi alisimama, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida kabla ya saa kumi na moja, akasema Alhamisi duka litafungwa kwa sababu anahitaji uzi. Ulikuwepo uzi wa miezi mitatu kabatini.

Tulifika soko la Daraja Mbili saa nne. Nilitarajia sisi watatu na pengine wachache wengine wa Keumbu. Niliowakuta walitoka kila mahali. Ungewatambua kwa kuwa hawakununua kitu. Walisimama sehemu ya ndizi, kwenye matope, mikono nyuma, wakitazama vichwa vya wanawake. Na ajabu ni kwamba vitambaa vya njano vilikuwa vingi. Wanawake kadhaa walivaa kwa mzaha, wengine, nadhani, kwa matumaini. Mzee mmoja muuza nguo kuukuu aliona mambo yanavyokwenda, akachambua rundo lake na kuning'iniza kila kitu cha njano alichokuwa nacho, hata suruali.

Mwenye taabu zaidi alikuwa mama mmoja muuza ndizi, mtu mzima mwenye mwili, ambaye kila siku ya soko hufunga kitambaa cha njano na hakuwa amesikiliza redio. Watu walimsogelea kumtazama usoni. Mmoja alimuuliza kwa sauti ya chini kama anaoka mikate.

"Naoka hasira," alisema yule mama. "Unanunua ndizi au hununui?"

Saa sita ilipofika, mwanamume mmoja alitokea upande wa daraja akikokota baiskeli. Alikuwa mzee mwembamba, koti lake limepigwa pasi vizuri, kofia mkononi. Nyuma yake alitembea mwanamke wa umri wake, mwenye kikapu. Alisimama katikati ya wauza ndizi, akatazama vitambaa vyote vya njano, akachanganyikiwa. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita majina ya wakulima kwenye mizani:

"Mimi ndiye karani wa Nyamira. Nani aliyeniita?"

Mama mmoja alivua kitambaa chake polepole na kukitia kifuani.

Yule mwanamke mwenye kikapu akapita mbele ya mumewe. "Mimi ni mke wake," alisema. "Nimekuja kumwona anayemwita mume wangu kupitia redio. Sina ugomvi. Nataka nimwone tu, nimuulize anamtakia nini."

"Labda hajafika," mtu alisema.

"Basi tutangoja," alisema, akaweka kikapu chini, akakaa juu ya mkungu wa ndizi kama amealikwa.

Walingoja, na umati ukangoja nao, na kwa kuwa kungoja kunachosha, watu wakaanza kuuliza. Mama wa chai ndiye aliyethubutu kwanza. Alimkaribia mzee kwa adabu zote. "Omogaka," alisema, maana ndivyo tunavyomheshimu mzee kwetu, "ile mvua unayosema imenyesha ni mvua gani?"

Mzee alimtazama kama anayeulizwa jua ni nini. "Ni mvua. Wanangu wako Nairobi. Mvua ikinyesha wajue waje wasaidie kupalilia."

"Na yeye hajui kutunga ujumbe," alisema mke wake kutoka kwenye ndizi. "Mimi humwambia aandike nini."

"Na yule anayejua?" aliuliza Shangazi. Alilisema nyuma yangu, nami nilihisi pumzi yake shingoni.

Mzee alianza kufuta kengele ya baiskeli yake kwa kidole gumba, akaifuta sana. Mkewe ndiye aliyejibu; aliinuka, akamshikia baiskeli, naye hakupaza sauti, kwa hiyo ni sisi tuliokuwa karibu tu tuliosikia. Walikuwa na binti, kifungua mimba. Aliondoka kwenda Kericho kuchuma chai, akaolewa huko bila kuwaambia. Mzee alikasirika, akaapa mbele ya ndugu zake kwamba jina lake hatalitaja tena. Anwani yake hawakuijua. "Lakini kule kwenye mashamba wana redio," alisema yule mama. "Akisikia atajua ni yeye. Jina hajalitaja. Kiapo ni kile kile."

Nilitamani mto ulio chini ya daraja uje unibebe. Nilikuwa nimemtoa mzee huyu Nyamira na baiskeli yake na koti lake la pasi, akaja kusimama kwenye matope mbele ya watu kueleza jambo ambalo hata nyumbani kwake halikuelezwa. Saa nane walichukua kikapu chao wakaenda. Mkewe alinunua ndizi za yule mama mwenye kitambaa, ndiye pekee aliyenunua chochote.

Njiani kurudi nilidhani mambo yameisha.

"Mwanamume asiye na hatia haji na mke," alisema mama wa chai.

"Amekuja na mke kwa sababu hana hatia," nilisema.

"Ndivyo alivyotaka ufikiri."

Kesho yake asubuhi sikuvumilia. Nilisimama mbele ya cherehani nikawaambia wote wawili: ile kadi niliiandika mimi, Yule wa Mjini hajui chochote, na tafsiri zangu nyingi nilizitia maneno ambayo hayakuwepo. Nilitegemea kofi. Shangazi aliendelea kukanyaga cherehani. Mama wa chai aliweka birika chini, akaja karibu, akanitazama kwa huruma.

"Amekupa nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Yule wa Mjini. Ili useme ni wewe."

Niliapa. Niliwaonyesha kalamu. Nikarudia maneno ya kadi neno kwa neno.

"Bila shaka unayajua," alisema. "Yamesomwa redioni. Tena msichana kama wewe ungetoa wapi ujasiri wa kumwita mwanamume Daraja Mbili saa sita mchana? Hayo ni maneno ya mtu mzima."

Sijawahi kusema ukweli mgumu namna ile maishani, na sijawahi kuaminiwa kidogo namna ile.

Jumapili nikaenda Kisii mjini kumtafuta mwenyewe. Haikuwa kazi, kila mtu alijua tanuri lake. Lilikuwa nyuma ya nyumba moja ya mabati katika mtaa wa Waislamu, na mbele ya mlango palikuwa na watu wengi kuliko mikate. Aliyefungua alikuwa mwanamke mchanga kuliko nilivyofikiri, mtandio begani, mtoto mchanga mgongoni. Hapo nikaelewa kimya cha wiki tano. Hakugunduliwa na mume. Alijifungua.

"Shikamoo," nilisema, ingawa hakunizidi kwa miaka mingi.

"Marahaba. Mkate mzima au nusu?"

"Nimekuja kuhusu ile kadi. Ile ya kitambaa."

Alinikazia macho. "Kitambaa ya njano," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Ni wewe."

Nilitikisa kichwa kukubali. Alinivuta ndani, akafunga mlango, akaniweka juu ya gunia la unga. Nilijua sasa lile kofi limepata mwenyewe. Lakini alikaa chini mbele yangu, akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Mume wangu alikuwa pale ulipokaa wewe," alisema. "Redio iko juu ya kabati. Ikasomwa, jina langu, tanuri langu. Nikasema leo nimekufa. Yeye akatega sikio, akasikia 'kitambaa ya', akasema, huyu si wewe. Wewe husemi 'kitambaa ya' hata ukiwa umelala."

Nilisoma Kiswahili miaka tisa, nikapata alama nzuri. Lakini nilikuwa nimeokoa ndoa ya mtu kwa kukosea ngeli.

Hata hivyo haikuwa kicheko kitupu. Mama mkwe wake hakujali ngeli. Alihamia pale siku hiyo hiyo na kigodoro chake, akisema amekuja kumsaidia mjukuu, na sasa alifuatana naye hadi kisimani. Wakati tukizungumza nilimwona ameketi uani, anatuangalia huku anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Na watu wa mlangoni walinunua kipande cha mkate ili wamtazame uso, wakaondoka wakinong'ona. "Nauza," alisema, "lakini nimechoka kutazamwa."

Nilimwomba msamaha. Aliniambia msamaha niuandike. Akaleta kadi, akasema, nami nikaandika, na kila neno aliangalia juu ya bega langu. Kadi ilimsalimu karani wa Nyamira pamoja na mke wake, ikasema ile ya Daraja Mbili haikuwa yake, na kwamba anawatakia wao na watoto wao wote, walio karibu na walio mbali, heri. Nilipoandika "wote" nilimweleza habari za binti. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Basi rudia, walio mbali mara mbili."

Kadi hiyo ilisomwa baada ya mwezi. Nilitafsiri kila neno kama lilivyo, sikupunguza, sikuongeza. Mama wa chai alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Sasa anamsalimu hadi mke," alisema. "Ameshaingia nyumbani."

Halafu, karibu na mwisho wa mwaka, ikaja kadi ya mzee. Alisalimu wanawe wa Nairobi, akasema mvua imenyesha. Nilikuwa tayari na "na yule anayejua" mdomoni kabla mtangazaji hajafika. Lakini mtangazaji alisoma jina. Jina la msichana, la Kigusii, na baada yake "binti yetu, huko Kericho, njoo Krismasi". Jina lenyewe silitaji hapa. Mzee aliligharamia vya kutosha.

Wanawake walianza mara moja. Hilo jina lazima liwe jina la siri la Yule wa Mjini. Kericho ni tanuri, kwa sababu kuna kuni nyingi. Mama wa chai alikuwa amekwisha kufika kwenye Krismasi, ambayo Mwislamu haisherehekei, kwa hiyo ni dalili wazi, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo kubisha, niliposikia cherehani ya Shangazi imesimama.

Alikuwa amejiinamia, anatafuta pini sakafuni, na alitafuta muda mrefu. Wenzake walipoondoka, nilimuuliza kama bado anaamini.

"Nilimwona yule mama pale kwenye ndizi," alisema. "Nilimwona alivyomshikia mumewe baiskeli wakati anazungumza. Niliacha kuamini siku ile ile."

"Na nilipokiri? Mbona hukusema unaniamini?"

Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akanipa nguo niifumue mshono, maana niliushona upande wa nje.

"Ningesema," alisema, "halafu tungekaa humu ndani tukishona tu?"